KUTUPA, KUTENGENEZA NA KUTENDUA: Uhakiki wa Istilahi za Uchumi wa Mzunguko

Utangulizi

Istilahi mpya inapoingia katika lugha, wataalamu wa lugha aghalabu huulizwa swali moja tu: je, ni sahihi? Swali hilo ni la haki, lakini halitoshi. Hapana budi kuuliza pia istilahi hiyo yamweka nani mbele na nani nyuma. Ni kazi gani inayoipa jina, na ni kazi gani inayoiacha bila jina. Makala haya yanakusudia kuuliza maswali hayo juu ya kundi dogo la istilahi zilizoenea katika Kiswahili cha magazeti, redio na nyaraka za serikali katika miaka ya karibuni. Istilahi zenyewe ni uchumi wa mzunguko, uchumi duara na uchumi rejelezi, pamoja na vitenzi kurejeleza na kuchakata.

Jambo hili si la nadharia tupu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara yake ya 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia mojawapo ya lugha mbili rasmi. Mwaka 2022 ilipitishwa Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka, ambayo inataka taka zitenganishwe pale zitokapo, na inamtwika mzalishaji wajibu juu ya bidhaa yake hata baada ya mnunuzi kumaliza haja nayo. Sheria hiyo iliandikwa kwa Kiingereza. Atakayeieleza kwa mwuzaji wa nguo wa Gikomba au kwa fundi wa bati wa Kamukunji atalazimika kuieleza kwa Kiswahili, na maneno atakayoyachagua ndiyo yatakayokuwa sheria masikioni mwa msikilizaji wake. Neno likikosewa, haki nayo yaweza kukosewa.

Nitaanza kwa kueleza kwa ufupi chimbuko la dhana yenyewe, kisha nitazihakiki istilahi zilizopendekezwa, nitatazama ushahidi uliomo ndani ya lugha, nitajihadhari na hatari ya kujisifu, na mwisho nitatoa pendekezo.

1. Chimbuko la kutupa

Watu wengi hudhani kwamba kutupa vitu ni tabia ya asili ya binadamu aliyeendelea. Historia haikubaliani nao. Kutupa kulifundishwa. Mwaka 1924 makampuni makubwa ya taa za umeme yalikutana Geneva yakaunda umoja uliojulikana kwa jina la Phoebus, na mojawapo ya mambo waliyokubaliana ni kwamba taa isiwake zaidi ya saa 1,000 hivi. Kiwanda ambacho taa zake ziliishi kupita kiasi hicho kilitozwa faini. Mwaka 1932, uchumi wa dunia ulipokuwa umezorota, Mmarekani mmoja, Bernard London, alichapa kijitabu akipendekeza bidhaa zipewe na serikali muda maalumu wa kuishi, ili watu walazimike kununua nyingine. Tarehe 1 Agosti 1955 gazeti la Life lilisifu maisha ya kutumia na kutupa, likionyesha picha ya jamaa wakirusha hewani sahani, vikombe na vyombo vingine ambavyo mama wa nyumba hangehitaji tena kuviosha. Ilipofika mwaka 1960 Vance Packard alikuwa ameona ya kutosha, akaandika kitabu kizima kuwashutumu wazalishaji wa uharibifu huo.

Upinzani wa kinadharia ulifuata. Mwaka 1966 Kenneth Boulding aliufananisha ulimwengu na chombo cha angani ambacho abiria wake hawana mahali pa kutupia taka wala pa kuchota mali mpya. Mwaka 1976 Walter Stahel na Geneviève Reday waliiandikia Tume ya Ulaya ripoti ambayo kiini chake ni rahisi kukieleza: kutengeneza na kufanya upya kitu kilichokwisha kuundwa kunahitaji mikono mingi ya watu na nishati kidogo, ilhali kuunda kipya kutokana na mali ghafi kunahitaji nishati nyingi na mikono michache. Basi jamii inayotengeneza badala ya kutupa hupata kazi na huokoa nishati kwa pamoja. Baadaye, mwaka 1990, David Pearce na Kerry Turner waliitumia istilahi yenyewe katika kitabu chao cha uchumi wa mazingira, na mwaka 2008 China ikaipitisha kuwa sheria ya nchi.

Msomaji na azingatie kiini hicho cha mwaka 1976. Dhana ya uchumi wa mzunguko, kwa asili yake, haikuwa dhana juu ya taka. Ilikuwa dhana juu ya kazi, yaani juu ya mafundi. Miaka minne kabla yake, mwaka 1972, Shirika la Kazi Duniani lilikuwa limetoa ripoti maarufu juu ya Kenya, iliyowatetea mafundi na wachuuzi wadogo ambao serikali haikuwa ikiwahesabu. Sisi tumezoea kuwaita watu hao jua kali, kwa sababu hawana paa. Ripoti hizi mbili zilisema jambo moja kwa njia mbili: fundi ni mtu wa uchumi. Swali letu ni kama Kiswahili cha leo kinapotafsiri dhana hii kimembakiza fundi huyo ndani yake au kimemtoa.

2. Istilahi zilizopendekezwa

Tuanze na uchumi duara, ambao wengine huuita uchumi mviringo. Istilahi hii ni tafsiri ya neno kwa neno. Duara ni umbo. Ni jambo la hesabu na la ramani. Katika Kiingereza neno linalohusika laweza kubeba maana ya umbo na ya mwendo kwa pamoja, lakini katika Kiswahili duara limetulia, haliendi popote. Msikilizaji akiambiwa juu ya uchumi duara atajua una sura gani, hatajua unafanya nini. Istilahi isiyokuwa na kitendo ndani yake haiwezi kueleza mfumo ambao wote ni vitendo.

Uchumi wa mzunguko ni bora kidogo, kwa kuwa zunguka ni kitenzi cha mwendo. Hata hivyo ina matatizo mawili. La kwanza, Kiswahili kimekwisha kulitumia neno hili kwa fedha. Tukisema mzunguko wa fedha twamaanisha pesa kupita mkono hata mkono, jambo ambalo uchumi wa kutupa nao unalo kwa wingi. La pili ni la kejeli. Mwananchi anayefuata kitambulisho chake kutoka ofisi hii hadi ile husema kwamba anazungushwa. Kumzungusha mtu ni kumchosha bila kumpa haki yake. Istilahi itakayoletwa na wenye mamlaka kwa watu wa aina hiyo yapaswa ifafanuliwe mapema, la sivyo itasikika kama ahadi ya kuzungushwa tena.

Uchumi rejelezi ndio unaotumika zaidi upande wa Tanzania, sambamba na kitenzi kurejeleza. Kwa upande wa maumbo, neno limeundwa vyema kutokana na rejea. Lakini wasomaji wa jarida hili wana marejeleo katika kila makala waandikayo, na hurejelea kazi za wenzao kila siku. Masikioni mwao rejelezi ni jambo la vitabu. Hilo ni dogo, kwa kuwa neno moja laweza kuwa na maana mbili na lugha isianguke. Kosa kubwa ni la maana. Kurejeleza, kama linavyotumiwa, ni kuchukua kitu kilichotupwa, kukisaga au kukiyeyusha, na kukifanya mali ghafi. Katika ngazi inayokubaliwa na wataalamu wa mambo haya, hatua hiyo ni ya mwisho au karibu na ya mwisho. Juu yake kuna kupunguza matumizi, kutumia tena, kutengeneza, na kufanya upya. Kuuita uchumi mzima kwa jina la hatua yake ya mwisho ni kama kuiita ndoa kwa jina la talaka. Tena istilahi hii humfaa mno mwenye kiwanda cha chupa za plastiki: aendelee kuzalisha atakavyo, mradi kuna mtu mahali fulani anayezirejeleza.

Na kuchakata? Kitenzi hiki kilikuwa na kazi yake ya heshima katika mkonge na katika samaki, na siku hizi huchakata hata data. Ni neno la kiwanda. Lina mashine ndani yake, halina mtu. Tunaposema kwamba taka zitachakatwa, umbo lenyewe la kauli ya kutendwa lamficha mtendaji, na twasahau kuuliza ni nani aliyezikusanya, kwa mkono gani, na kwa ujira gani.

Kwa ufupi, istilahi hizi zote zina upungufu unaofanana: zimeanza kuutazama uchumi kutoka jaani. Hakuna hata moja inayoanzia penye karakana.

3. Ushahidi uliomo katika lugha

Yafaa sasa tuiulize lugha yenyewe ina nini. Nitatoa mifano minne.

Mfano wa kwanza ni kitenzi tengeneza. Twasema kiwanda cha kutengeneza magari, na pia twasema gereji ya kutengeneza magari, na hakuna anayeona ajabu. Kuunda na kukarabati vimo katika kitenzi kimoja. Asili yake ni tengenea, yaani kuwa katika hali iliyo sawa. Basi kutengeneza ni kukiweka kitu katika hali iliyo sawa, kiwe ndicho kwanza kinazaliwa au kiwe kimekwisha kuzeeka. Neno fundi nalo ni hivyo hivyo: fundi wa viatu huunda viatu na huvishona vilivyoachana, hatuna neno la heshima kwa yule na jingine la chini kwa huyu. Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha agizo linalompa mnunuzi haki ya kutengenezewa kifaa kilichoharibika. Mfasiri wa Kiswahili akikutana na haki hiyo atapata taabu, kwani haki ya kutengeneza yaweza kusikika kama haki ya kuwa na kiwanda. Lakini taabu hiyo ni ya manufaa. Inatukumbusha kwamba utengano wa mwundaji na mkarabati, ambao sheria za Ulaya sasa zinajaribu kuuponya, haukuwahi kuingia katika kitenzi chetu.

Mfano wa pili ni mnazi. Kila mwanafunzi wa Kiswahili amefundishwa kwamba tunda lake lina majina kwa kadiri ya umri: kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi. Kinachosahauliwa ni majina ya kile ambacho kwingineko kingeitwa mabaki. Kumbi huvundikwa na kupondwa hata zikatoa usumba, na usumba husokotwa kamba. Kifuu huwa kata ya kuchotea maji, au upawa, au huishia motoni. Chicha, baada ya kutoa tui, hupewa kuku. Makuti huezeka nyumba, na chelewa hufungwa zikawa ufagio. Hakuna hatua ambayo msemaji wa pwani atalazimika kusema taka. Si kwamba hana neno hilo. Ni kwamba kila kipande kimekwisha kupewa jina na kazi kabla ya kulifikia.

Mfano wa tatu ni debe. Neno hili lina asili ya Kihindi, na wengi walilijua kwanza kama kopo la mafuta ya taa. Mafuta yalipokwisha, kopo halikufa. Lilikuwa chombo cha maji, likawa kipimo cha mahindi sokoni, likakunjuliwa likawa ukuta na paa. Likaingia katika methali kwa kuwa debe tupu haliachi kuvuma; likaingia katika siasa, hata mtu anayemtafutia mwenzake kura humpigia debe, na wapiga kura huenda debeni. Kopo la mafuta ya kupikia nalo limekuwa gorogoro, kipimo ambacho wakulima na wachuuzi wa Kenya hukifahamu kuliko kilo. Matairi yamekuwa akala, na mikebe imekuwa koroboi. Katika kila mfano, kitu kilipopewa matumizi mapya kilipewa pia hadhi mpya katika msamiati, na hapakuwa na haja ya kusema kwamba kimerejelezwa.

Mfano wa nne ni wa sarufi. Kiswahili kina kauli ya kutendua: funga na fungua, ziba na zibua, chomeka na chomoa, bandika na bandua, fuma na fumua, ezeka na ezua, pakia na pakua. Vingi vya vitenzi hivi ni vya ufundi wa kale, na ufundi huo ulijua kwamba kitu kilichofungwa kitafunguliwa siku moja. Nguo hufumuliwa ili ishonwe upya. Paa huezuliwa ili liezekwe tena. Wahandisi wa leo wanaohimiza bidhaa ziundwe kwa namna ya kuweza kufunguliwa wanatafuta neno, na neno wanalo: kutendua. Vitenzi vingi vya mkopo havipokei kiambishi hiki. Lehemu halina kinyume chake cha neno moja, na mtu aliyelehemu hulazimika kukata. Simu ambayo betri yake imegundishwa kwa gundi ni simu isiyotenduka.

Sitaki kusomeka kama mtu anayedai kwamba sarufi huamua tabia. Mwarabu na Mwingereza nao hufumua nguo zao. Ninachosema ni kidogo zaidi: mfasiri anayeyatafuta maneno ya uchumi huu yamo mlangoni pake, tena yamo upande wa ufundi, na ameyapita akaenda kuokota mengine upande wa jaa.

4. Hatari ya kujisifu

Baada ya kusema hayo, hapana budi kujizuia. Kuna mtindo wa makala, na sisi wa idara za lugha tumeuendeleza, unaochukua methali tano au sita na kuthibitisha kwazo kwamba wahenga walijua kila kitu. Kwa jambo letu, methali hizo ni rahisi kuzipata: usiache mbachao kwa msala upitao; ukipata chungu kipya usitupe cha zamani; usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini mhakiki mwaminifu atazitafuta na zile za upande wa pili. Kipya kinyemi kingawa kidonda: ladha ya upya yawashinda watu hata pale upya unapouma. Nguo ya kuazima haisitiri matako: hapo wenye kuhubiri matumizi ya pamoja wamejibiwa kabla hawajasema. La kuvunda halina ubani: kuna kitu ambacho kimefika mwisho wake na hakuna ufundi utakaokirudisha. Methali ni baraza, na katika baraza kila mtu husema. Anayenukuu upande mmoja tu hajanukuu baraza, amejinukuu mwenyewe.

Tena ushahidi wa mnazi na wa debe haumaanishi kwamba babu zetu walikuwa na maadili tusiyokuwa nayo. Mtu hatupi kitu asichokuwa na uwezo wa kukinunua tena. Uhaba hufundisha utunzaji, lakini uhaba si hekima, na siku ulipopungua tulitupa kama wengine. Mfuko wa plastiki ulipoingia sokoni wateja waliacha vikapu na viondo nyumbani. Tulivyoupokea katika lugha ni jambo la kutazamwa: sehemu nyingi za Kenya tuliuita karatasi. Tuliupa jina la kitu kinachooza na kuungua, nasi tukautupa kama tunavyotupa karatasi, mitaroni na vichakani, ambako haukuoza. Rwanda iliupiga marufuku mwaka 2008. Kenya tarehe 28 Agosti 2017, kwa adhabu inayoweza kufika faini ya shilingi 4,000,000 au kifungo cha miaka 4. Tanzania tarehe 1 Juni 2019. Sheria ililazimika kufanya kile ambacho lugha, kwa kulipa jambo jina lisilo lake, ilishindwa kutuonya.

Upungufu mwingine ulionyeshwa na Profesa Wangari Maathai. Alipozuru Japani mwaka 2005, mwaka mmoja baada ya kutunukiwa Nobeli ya Amani, alilisikia neno mottainai, akalipenda, akalieneza ulimwenguni. Ni neno la masikitiko ya kuona kitu kinapotea bila kutimiza thamani yake. Kwa nini Mkenya alihitaji kuliazima? Tunayo israfu, ubadhirifu na ufujaji, lakini maneno haya yote yamshutumu mwenye kutumia. Yahusu fedha yake na dhambi yake. Neno la Kijapani lakitazama kitu chenyewe. Neno letu lililo karibu nalo ni kufuru. Mtoto wa pwani akimwaga wali ataambiwa asikufuru, yaani asiikane neema. Hapo kuna heshima kwa kitu kilichotolewa, na kuna mtoaji. Ila heshima hiyo tumeikomesha kwenye chakula. Hakuna mama amwambiaye mwanawe kwamba amekufuru kwa kutupa chupa. Profesa Maathai aliazima kwa sababu sisi hatukupanua.

Fasihi nayo ina sehemu yake katika lawama. Tangu riwaya ya Ayi Kwei Armah ya mwaka 1968, ambayo Abdilatif Abdalla aliitafsiri kwa jina la Wema Hawajazaliwa, uchafu umekuwa miongoni mwa sitiari kuu za ufisadi katika uhakiki wa Afrika. Sitiari hiyo ilifanya kazi kubwa na ya haki. Lakini imetuzoeza kuiona taka kama alama ya dhambi ya mtu mwingine, na si kama mata iliyo na asili, uzito na safari yake. Tumeisoma taka, hatujaitazama.

5. Majina ya watu na ya bidhaa

Nafikia sasa jambo ambalo kwalo niliona makala haya yanafaa kuandikwa. Huko Dandora, Nairobi, kuna jaa lililofunguliwa miaka ya 1970 na kutangazwa mwaka 2001 kwamba limejaa, na ambalo liliendelea kupokea taka za jiji baada ya hapo. Watu huishi kwa kuokota humo chuma, chupa, plastiki na karatasi. Kama uchumi wa mzunguko una wafanyakazi wake wa kwanza katika nchi hii, ndio hao. Lugha yawaitaje? Chokoraa. Neno hili lahusishwa na kuchokora, yaani kudukua kwa kijiti au kidole, na limekuwa tusi la mtoto wa mtaani na la yeyote anayegusa jaa. Mwenye kampuni inayonunua plastiki hiyo huitwa mwekezaji. Tofauti ya majina haya mawili siyo ya mtindo tu; ni tofauti ya nani atakayeitwa kwenye mkutano fedha za wajibu wa mzalishaji zitakapogawanywa.

Bidhaa nazo zasimulia. Nguo kuukuu zitokazo ng'ambo twaziita mitumba, kwa sababu ya mitumba zinamofungwa. Ni jina la kifurushi, halisemi lolote la asili yake. Lakini Tanzania iliwahi kuwa na jina la zamani zaidi, kafa Ulaya, na huko Ghana nako Waakan wana jina lenye maana hiyo hiyo. Jina hili lina nadharia ndani yake. Aliyelitunga aliishika nguo nzima mkononi, akajiuliza mwenyewe yuko wapi, akapata jibu moja tu lililoingia akilini: amekufa. Hakuweza kuwaza mtu mzima, mwenye afya, anayetupa nguo nzuri. Sioni uhakiki wa uchumi wa kutupa ulio mfupi na mkali kuliko maneno hayo mawili.

Mitumba yatukumbusha pia kwamba mzunguko una mwelekeo, na kwamba anayeuzungusha si lazima awe ndiye anayefaidi. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliazimia kuiondoa mitumba hatua kwa hatua ili kufufua viwanda vya nguo. Marekani ikatishia kuziondolea nchi hizo nafuu ya ushuru. Kenya ilijitoa katika azimio hilo mwaka 2017. Rwanda ilishikilia, na mwaka 2018 nguo zake zikasimamishiwa nafuu hiyo. Wengine watasema kwamba kuvaa nguo mara ya pili ni uchumi wa mzunguko kamili. Ni kweli kwa nguo. Si kweli kwa mshonaji aliyepoteza kazi, wala kwa jaa linalopokea zile zisizouzika. Istilahi isiyouliza unazunguka kutoka wapi kwenda wapi, na mzigo wabaki kwa nani, haijatimiza kazi yake.

Pwani inatoa mfano wa matumaini, na hata huo una somo la lugha. Mwaka 2018 huko Lamu kilishushwa majini chombo cha mita 9 kilichoundwa kwa plastiki iliyookotwa ufuoni na mijini, kikapambwa kwa vipande vya ndara zipatazo 30,000. Mwaka 2019 kikasafiri hadi Zanzibar. Mwundaji wake mkuu, Ali Skanda, ni fundi wa jahazi, naye alizichonga mbao za plastiki kwa ufundi wa mbao za mti. Ustadi wa kale ndio uliomudu mata mpya. Lakini chombo kiliitwa Flipflopi. Kiswahili kina ndara, kandambili, malapa, patipati na champali. Mabaraza yote ya pwani yangeweza kushindana kukipa jina. Fundi alikuwa wetu na mkono wake ulionekana, bali neno lilitoka nje. Hivyo ndivyo ilivyo hali ya istilahi zote nilizozihakiki hapa.

6. Pendekezo na hitimisho

Sipendekezi kwamba uchumi wa mzunguko utupwe. Ingekuwa kinyume cha hoja yangu kulitupa neno lililokwisha kutumika kwa kuwa lina kasoro, lilitengenezwe. Libaki kuwa jina la jumla, likifafanuliwa kila mara kwamba kinachozunguka ni vitu na si fedha peke yake. Kurejeleza libaki kwa kusaga na kuyeyusha tu, lisipande ngazi isiyokuwa yake. Kutengeneza kurudishiwe nafasi ya kwanza, na pale penye utata wa sheria kukarabati kutumike kando yake. Kutendua kuchukuliwe kutoka katika sarufi na kupewa wahandisi, ili bidhaa iweze kuulizwa kama yatenduka au haitenduki. Kufuru lipanuliwe na washairi wetu, kwa kuwa wao ndio wenye uwezo wa kulipanua, hata lifike kwenye chupa na kwenye simu.

Na kwa wale wa Dandora, neno liko tayari. Kuchambua ni kutenga kizuri na kibaya kwa mkono na kwa jicho. Huchambuliwa pamba, huchambuliwa karafuu, huchambuliwa mboga. Mwenye kutenga chuma na plastiki, na plastiki hii na ile, ni mchambuzi. Wengine wamekwisha kuanza kuwaita hivyo, wachambuzi wa taka, na idara zetu zingefanya vyema kulithibitisha jina hilo katika kamusi na katika tafsiri za sheria. Baadhi yetu huenda wakasita, kwa sababu jina hilo ni letu: tangu miaka ya 1970 tumejiita wachambuzi wa fasihi, na tumelipandisha hadhi. Sioni sababu ya kusita. Wao walianza kazi hiyo kwa maana yake ya asili, na huifanya mchana kutwa juani; sisi tuliazima neno hilo tukalipeleka vitabuni. Itakuwa haki tuwarudishie.